INFJ: herufi nne zinamjua mtu, au ni nyota kwa jina jingine?

Kivuli cha Mwezi (mtoa mada)
Wadau, kazini tumejazishwa dodoso la tabia. Nimetoka INFJ: mtu wa ndani, anayefuata machale kuliko anachokiona, anayepima mambo kwa moyo, anayependa mipango iliyonyooka. Nilivyosoma maelezo yake, kama vile aliyeyaandika amekaa nami nyumba moja. Sasa bosi anataka kutupanga kwenye timu kwa herufi hizo. Ni haki?

Jiwe la Mtoni
Nyota hizo, mkuu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Forer aliwapima wanafunzi wake 39, akampa kila mmoja "matokeo yake". Wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, ameyaokota kwenye kitabu cha unajimu! Na niseme lingine: wengi wanaojiita introvati, yaani hao watu wa ndani, ni watu wa kiburi waliopata cheti. Simu hawapokei, salamu hawatoi, ukiuliza unaambiwa "ndivyo nilivyoumbwa".

Nyuki Mmoja
Cheti cha kiburi? Mume wangu akirudi jioni hukaa ndani ya gari alilokwisha kulizima, mikono kwenye usukani, dakika kumi nzima. Miaka miwili ya mwanzo nililia, nikidhani hataki kuniona. Kumbe ameshinda akisikiliza watu tangu asubuhi, na anataka aingie akiwa amebakiwa na kitu cha kutupa sisi. Kaka Jiwe, umewahi kumuuliza hata mmoja wao?

Jiwe la Mtoni
Nimemuuliza, dada. Rafiki yangu wa miaka kumi na moja. Usiku niliofiwa na baba nilimpigia mara nne. Ujumbe wake ulikuja kesho yake mchana. Niambie na huo ni uchovu.

Mzamivu
Pole sana, mkuu. Lakini tusichanganye. Mwenye haya anatamani kuongea ila anaogopa. Mwenye kiburi haoni sababu ya kuongea nawe. Mtu wa ndani anaongea vizuri tu, kisha anahitaji kukaa peke yake apate nguvu tena. Rafiki yako alikukosea, na herufi hazimfutii. Hata mwanasaikolojia Jung aliyetunga hilo dodoso alisema hakuna mtu wa ndani mtupu.

Kalamu Nyeusi
Jung hakutunga dodoso! Yeye alitoa kitabu chake cha aina za nafsi mwaka 1921. Dodoso ni la Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, wala hawakuwa wamesomea saikolojia. Wenye dodoso wenyewe wanasema lisitumike kuchagua wa kuajiri. Kinachoniudhi ni ule mkato wa katikati: aliyevuka mstari kwa alama moja na aliyezama kabisa wote wanaandikiwa I, herufi ya mtu wa ndani. Yule wa mpakani akijaza tena baada ya wiki kadhaa, herufi inaweza kugeuka. Mtoa mada, mwambie bosi wako hilo.

Kivuli cha Mwezi
Asante. Ila machale hakuna aliyeyagusa, na ndiyo yananitesa. Kikaoni kila mtu alifurahia mpango mpya, mimi tumbo likakaza. Nikaulizwa tatizo ni nini, sina neno. Maneno yalinijia nikiwa kwenye ngazi, kikao kimeisha: kazi zote tatu zilimtegemea mtu mmoja. Wiki ya tatu akaugua, kila kitu kikasimama.

Kijiti
Na mangapi yamekudanganya? Yaliyokosea huwa hatuyaweki kichwani. Yaandike yote mwaka mzima, halafu uje tuzungumze.

Kivuli cha Mwezi
Ninayo daftari, ndugu. Umenihukumu kabla hujauliza.

Jiwe la Mtoni
Dada Nyuki, nina swali moja tu. Mumeo ukimpigia usiku wa msiba, atapokea?

Nyuki Mmoja
Atapokea, na atakuja. Atakaa pembeni yako mpaka kunakucha bila kusema neno. Ungeona amekuja, au na huo ungeuita kiburi?

Jiwe la Mtoni
Ningeona amekuja. Mimi hilo tu ndilo nililitaka usiku ule.