Mabomu ya 7 Agosti 1998: kwa nini Nairobi walikufa 213 na Dar 11?

Mdadisi wa Ilala
Wakuu, heshima kwenu. Ijumaa ile mabomu mawili yalilipuka asubuhi moja, yakipishana dakika chache, yote kwenye balozi za Marekani na yote yakiwa ndani ya malori. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wengi hujibu kwamba la Nairobi lilikuwa kubwa zaidi, basi. Je, hiyo ndiyo sababu yenyewe? Mwenye ujuzi atufafanulie.

Fundi Nguzo
Mkuu, ukubwa peke yake hautoshi kueleza pengo hilo. Tazama mahali.

Ubalozi wa Nairobi ulikuwa kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, katikati ya mji, hatua chache kutoka stesheni ya reli. Ubavuni mwake palikuwa na Ufundi House iliyokuwa na chuo cha uhazili, na jirani Co-operative House, ghorofa ishirini na ushee. Lori liliingia uwanja wa maegesho wa nyuma, likawa limezungukwa na majengo hayo. Mlipuko kwenye uwanda hutawanyika na kupungua nguvu haraka kila unavyokwenda mbali. Kati ya kuta ndefu haupati pa kutawanyikia: unagonga ukuta, unarudi, unagonga mwingine. Ufundi House iliporomoka yote. Ubalozi wenyewe, uliojengwa kwa zege lenye nondo za kutosha, ulibaki umesimama ingawa ndani uliharibika vibaya.

Hesabu inasema yenyewe: waliokufa ndani ya ubalozi walikuwa 44 hivi. Wengine wote waliokufa ni majirani, wanafunzi, abiria wa mabasi na wapita njia.

Dar, ubalozi ulikuwa Laibon Road, Oysterbay, mtaa wa nyumba zenye viwanja na miti. Lori halikuvuka lango kwa sababu boza la maji la ubalozi lilikuwa limeziba njia. Lililipuka kama meta 11 kutoka ukuta wa jengo. Boza lilirushwa juu likatua likiegemea jengo, lakini lilikuwa limepokea sehemu ya nguvu ile. Jengo hilo pia lilikuwa imara. Kabla ya hapo lilitumiwa na ubalozi wa Israel.

Mwanasheria Mombasa
Fundi amesema kweli, ila walinzi wa Nairobi wasisahaulike. Washambuliaji waliwaagiza wainue kizuizi cha nyuma, wakakataa. Wangekubali, lori lingeshuka kwenye gereji iliyo chini ya jengo, nguvu zote zingepiga nguzo za ubalozi kutoka chini. Walinzi hao hawakuwa na bunduki. Kila nikisoma ushahidi wa kesi ya washambuliaji hao, kukataa kwao hunigusa kuliko kitu kingine chochote.

Kioo na Fremu
Bado hamjataja vioo, na hapo ndipo Nairobi ilipoumia zaidi. Mohamed al-Owhali, mmoja wa washambuliaji, alishuka kwenye lori akawarushia walinzi bomu la kushtua, risasi zikafuata. Watu maofisini wakasikia kishindo, wakakimbilia madirishani kuchungulia. Sekunde chache baadaye bomu kubwa likalipuka. Vioo vilivunjika hadi mitaa ya mbali, na vingi viliwapata watu usoni. Waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya 4,000, na wengi walipoteza macho.

Kioo cha kawaida hupasuka kuwa vipande virefu vyenye ncha. Ukisikia mlipuko au risasi nje, usisogee dirishani hata kidogo. Lala chini nyuma ya ukuta wa ndani au ingia chini ya meza, macho umeyafunika kwa mkono, ukae hapo. Mlipuko wa pili unaweza kuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Mdadisi wa Ilala
Asante sana. Na ile plastiki inayobandikwa kwenye vioo, inasaidia?

Kioo na Fremu
Inasaidia ikifungwa sawasawa. Kosa la kawaida ni kubandika plastiki kwenye sehemu inayoonekana tu, bila kuifikisha kwenye fremu. Hapo kioo hakimwagiki, ila hung'oka kizima na kuruka chumbani kama mlango. Plastiki lazima ishikwe kwenye fremu kwa gundi ya silikoni au kwa vibanio vya chuma, na fremu nayo ifungwe ukutani kwa boliti ndefu. Fremu ya alumini iliyoshikiliwa na skrubu mbili kwenye plasta haifai. Bora zaidi ni kioo cha tabaka mbili chenye plastiki katikati.

Fundi Nguzo
Naongeza moja. Tangu 1985 Marekani ilikuwa na kanuni kwamba balozi mpya zikae futi 100, yaani meta 30, kutoka barabarani. Jengo la Nairobi lilikuwa la kabla ya hapo, na balozi Prudence Bushnell alikuwa ameomba lihamishwe kabla ya shambulio. Baadaye ubalozi wa Nairobi ulihamia Gigiri na wa Dar ukahamia Msasani, Old Bagamoyo Road, kwenye viwanja vinavyoruhusu umbali huo.