Naomba ushauri: kadi ya dada yangu imesambazwa WhatsApp

Ndugu zangu, hasa mlio Lubumbashi, naombeni msaada. Dada yangu anauza unga wa mahindi Katuba. Alikopa kwa mkopeshaji mmoja, ambaye alipiga picha kadi yake ya mchaguzi. Malipo yalipochelewa kidogo, picha hiyo, pamoja na namba yake ya simu, ikatupwa kwenye kundi la WhatsApp la wachuuzi. Deni ameshalimaliza, lakini picha bado inazunguka na wanaume asiowajua wanampigia usiku. Inaniuma sana.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha, na tangu 2023 tuna sheria ya mambo ya kidijitali. Tuanzie polisi, parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) au kwa wakili? Na ushahidi: picha za skrini zinatosha?