Naombeni ushauri wa haraka: kitoroli cha kukunja cha kubebea mifuko, tairi mbili au nne?

Mzigo_Mwepesi
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada kidogo maana nina mpaka kesho jioni kuamua. Natafuta kitoroli cha kukunja cha kubebea mifuko toka dukani mpaka nyumbani, vile vya fremu ya bomba na mfuko wa turubai au kikapu cha nyaya. Nimehangaika navyo kwenye simu siku tatu mpaka macho yanauma, kuna vya tairi mbili unaviinamisha unavuta, kuna vya tairi nne unasukuma mbele, afu kuna vile vyenye tairi tatu tatu kila upande zimekaa pembetatu, wanasema vinapanda ngazi. Mzigo ni wa kawaida tu, kama kilo 20 kwa wiki, na njia ni ya kawaida. Anayejua aniambie kimoja tu nisizidi kuchanganyikiwa. Asanteni.

Kofia_ya_Ukindu
Kilo 20 kwa wiki unataka toroli? Nenda mara mbili kwa wiki, beba kilo 10, nusu mkono huu na nusu mkono huu, unafika nyumbani umefanya na mazoezi. Vijana mnanunua kila kitu chenye tairi afu mnalalamika mgongo. Sisemi kwa ubaya, nakwambia kama mdogo wangu.

Mama_Wawili
Mi nilikuwa nacho cha tairi nne, kizuri kweli, nikakipenda, siku moja nakikunja haraka haraka mvua inaanza kile kibanio cha katikati kikanikamata kidole, asee nililia mbele za watu. Kucha ilikaa nyeusi karibu miezi mitatu. Kwa hiyo ushauri wangu angalia kinavyokunjwa kwanza, tairi baadae. Kiwe na sehemu ya kushika iliyo mbali na bawaba. Na mfundishe kila mtu wa nyumbani kwako, wangu alikuja kubanwa na yeye wiki iliyofuata.

Fundi_Grisi
Swali la tairi ngapi linajibiwa na njia, na njia ya kawaida siijui. Ngoja nikwambie vinavyofanya kazi uamue mwenyewe.

Cha tairi mbili ukikiinamisha sehemu ya mzigo inahamia mkononi mwako. Chukulia toka ekseli (kile chuma kinachoshika tairi) mpaka mpini ni sentimita 100 na uzito umekaa sentimita 30 juu ya ekseli, basi kwa kilo 20 mkono unabeba kama kilo 6 njia nzima, na unavuta umegeuza bega nyuma. Ndo maana vitu vizito vinakaa chini kabisa karibu na ekseli, ukiviweka juu unajibebesha bure. Cha tairi nne uzito wote unabebwa na ardhi, we unasukuma tu, ila kikikutana na jiwe au ukingo chenye vitairi vidogo kinagoma au kinapinduka. Tairi ikiwa kubwa inapanda kizuizi kirahisi, ikiwa ndogo kila kokoto ni mlima. Tairi ya plastiki ngumu inapiga kelele na inateleza kwenye sakafu yenye maji, ya mpira inatulia. Na zile za mbele zinazozunguka pande zote ni tamu kwenye sakafu laini, kwenye mashimo zinacheza kama zimelewa.

Sasa nijibu: kuna ngazi? na nani anakitumia?

mwl_Hesabu
Fundi kaeleza vizuri, niongeze kidogo maana jambo hili nalipenda. Hili la mbili au nne lina historia. Bernard Sadow, Mmarekani, alipata hataza ya sanduku la safari lenye magurudumu mwaka 1972, lilikuwa na magurudumu manne madogo na mkanda wa kuvutia, likiburutwa limelala hivyo lilikuwa linayumba na kuanguka. Halafu 1987 rubani mmoja, Robert Plath, akalisimamisha juu ya magurudumu mawili na kuliwekea mpini wa kuvuta nje, na hilo ndilo likaenea. Na toroli la dukani lenyewe lilianza likiwa la kukunja: Sylvan Goldman wa Oklahoma City mwaka 1937 alichukua wazo kwenye kiti cha kukunja, akaweka vikapu na magurudumu. Wateja wakaona haya kulisukuma, ikabidi aajiri watu wajifanye wateja wazunguke nalo dukani wengine waone. Yaani tatizo halikuwa chuma, watu waliogopa kuonekana hawana nguvu.

Kofia_ya_Ukindu
Mwalimu ahsante, hiyo ya kuona haya nimeipenda. Lakini mimi sioni haya, mimi nabeba.

Mzigo_Mwepesi
Asanteni wote. Fundi, ngazi zipo, chache. Mi nilikuwa naelekea zaidi kwenye kile cha tairi tatu tatu, naona kitamaliza yote, chini kinaenda na juu kinaenda. Kuna anayekitumia?

Fundi_Grisi
Chache ngapi? Ngazi hazina chache, zina idadi.

Mzigo_Mwepesi
Ni ghorofa ya tatu. Ngazi 54, nimezihesabu. Lifti hakuna. Ila kwenye maelezo ya muuzaji wameandika kinapanda ngazi chenyewe kwa hiyo sioni kama ni tatizo.

Fundi_Grisi
Hakuna kitoroli cha mkono kinachopanda ngazi chenyewe mkuu, kingekuwa na mota na betri. Zile tairi tatu zinazunguka kwenye kitovu kimoja, ukivuta inayofuata inakamata ngazi ya juu, hivyo hakidundi kama cha tairi moja na hakikwami kwenye ukingo. Kinapunguza mdundo, uzito uko palepale. Kila ngazi ina kama sentimita 17, mara 54 ni zaidi ya mita 9 kwenda juu. Kwa mteremko wa ngazi za kawaida kilo 20 utazivuta kwa nguvu kama ya kunyanyua kilo 10, mfululizo, na pale tairi inapogeuka inapanda zaidi ya hapo, tena umejikunja nusu. Na ngazi ikiwa ndefu kuliko saizi ya hiyo pembetatu hakizunguki kabisa, kinakwangua tu.

Kwa kijana mzima sawa, atatoa jasho. Ndo maana nikauliza nani anakitumia.

Mzigo_Mwepesi
Ni cha mama yangu. Anatembea vizuri tu ila anatumia fimbo, nyonga. Mi naishi mbali nae. Hataki kusaidiwa na mtu, ndo nikaona nimtumie kitu kizuri.

Nesi_wa_Zamu
Haaa kaka, hilo ungelianza nalo. Mtu mwenye fimbo mkono mmoja ameshautoa, anabaki na mmoja. Huo mmoja ndo ashike ukuta wa ngazi au avute kitoroli? Hivyo viwili havifanyiki pamoja. Nimepokea wazee walioanguka ngazini na karibu wote walikuwa na kitu mkononi. Mama apewe cha tairi nne cha tambarare, mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono wake akisimama ameachia mikono, kiwe na breki, na juu mzigo apandishe mtu mwingine. Na asikiegemee kama mkongojo, havijatengenezwa kwa hiyo, vinakimbia mbele mtu anabaki chini.

Mama_Wawili
Mama zetu hawa. Wangu nilimnunulia akakifanya cha kuwekea vyungu vya maua, maua yanapendeza sana kusema ukweli.

Mzigo_Mwepesi
Nesi nimekuelewa ila nimeshalipa nusu ya kile cha tairi tatu tatu, kesho jioni ndo namalizia. Na nimefikiria sana, sikukurupuka. Hakuna mtu wa kupandisha mzigo, na maisha hayawezi kusimama kisa ngazi. Nikivuta taratibu, ngazi moja napumzika, ngazi moja napumzika, naona inawezekana. Hata sasa hivi nikikohoa nashika tumbo afu napanda, nafika.

Chuma_Chakavu
Wakuu samahani nivunje mazungumzo. Akaunti ni ya jana. Posti zake zote ni uzi huu. Anauliza mbili au nne, watu wanamjibu, yeye anarudi kwenye kile kimoja tu cha tairi tatu tatu, anataja maelezo ya muuzaji, anasema kitamaliza yote. Mi nanusa tangazo. Kesho ataweka namba ya simu hapa mtaona. Modi angalieni.

Kofia_ya_Ukindu
Na mimi nilianza kuhisi. Mama hana jina, hana umri, mara yupo mara hayupo.

mwl_Hesabu
Muuzaji angesifia, huyu analalamika. Tusimhukumu haraka.

Chuma_Chakavu
Mwalimu soma posti yake ya mwisho taratibu. Amesema anaishi mbali na mama. Halafu anasema "nikivuta taratibu", "nikikohoa nashika tumbo afu napanda, nafika". Nani anapanda? Mama mwenye nyonga anashika tumbo la mwanae? Kama si tangazo basi mama ni wa kutunga. Moja kati ya hayo mawili, achague.

Nesi_wa_Zamu
Ngoja kwanza. Kushika tumbo ukikohoa hatufundishi watu wa nyonga. Tunawafundisha waliopasuliwa tumbo. Kaka, ulipasuliwa lini?

Fundi_Grisi
Mzigo_Mwepesi upo?

Mzigo_Mwepesi
Nipo. Nilizima simu kidogo.

Si muuzaji. Mama nilimtunga, naombeni radhi, hasa Nesi umeniandikia kwa moyo. Mama yangu mwenyewe ni mzima na fimbo hana. Ni mimi. Nimefanyiwa operesheni ya ngiri, leo ni siku ya 19. Sikutaka kuandika kwa sababu mnajua neno hilo likitajwa mahali penye wanaume kinachofuata, kila mtu anajua dawa ya mizizi na kila mtu ana kicheko, na nimeshachekwa vya kutosha na watu wa kazini. Daktari alisema nisinyanyue kitu kizito mpaka nirudi kwake wiki ya 6. Mimi naishi na watoto wawili, wa miaka 7 na 4, mama yao hayupo nasi tena, nyumbani vitu vimeisha na mimi ndo mbebaji. Ndo nikasema kitoroli si kunyanyua, ni kuvuta. Kwa hiyo sivunji alichosema daktari.

Kofia_ya_Ukindu
Ndugu yangu nisamehe kwa lile la kilo 10 mkono huu na mkono huu. Sikujua. Pole sana, na pole kwa yote.

Nesi_wa_Zamu
Pole kaka, na ahsante kwa kusema. Nitakuwa mkali kidogo unisamehe. Tumbo halijui tofauti ya kunyanyua na kuvuta. Ukijikaza ukabana pumzi, presha ya ndani inasukuma palepale paliposhonwa, na Fundi kashakupigia hesabu, ni kama kilo 10 ngazi 54. Kwa ngiri watu wengi huambiwa wasibebe vizito wiki 4 mpaka 6 na wewe hujafika hata 3. Mpigie aliyekupasua umuulize hivi hivi: naweza kusukuma kitoroli tambarare, kilo ngapi? Usimwambie habari ya mama. Na ukiona pamevimba, panauma kuzidi jana, au unatapika, usisubiri wiki ya 6, nenda siku hiyo hiyo.

Na hakuna wa kukucheka hapa, atakayecheka atanikuta mimi.

Chuma_Chakavu
Nilikuwa mkali, nimekosea nusu. Pole mkuu. Ila swali, huyo wa miaka 7 hawezi kubeba mfuko mmoja mdogo kila safari? Mi nilimbebea bibi yangu nikiwa na umri huo, yeye ananisubiri kwenye kona ya ngazi ananihesabia kwa sauti, nilikuwa najiona mwanaume kamili.

Mzigo_Mwepesi
Anaweza vitu vyepesi. Siku ile aliniona nimekaa ngazini akanyamaza tu, hilo ndo limenifanya nianze kutafuta kitoroli usiku ule. Ila pesa nusu imeshaenda jamani, na kile cha tairi tatu tatu kikija nitakuwa navuta kidogo kidogo tu, kilo 5, kilo 6, si mbaya hiyo.

Fundi_Grisi
Kilo 5 pamoja na kitoroli chenyewe? Vile vya tairi sita fremu yake tu ina uzito, usiisahau kwenye hesabu.

Sikiliza. Kitoroli kisipande kabisa. Kibaki chini kimekunjwa, kimefungwa mnyororo kwenye nguzo ya ngazi. Kazi yake iishie mlango wa chini. Mzigo ugawe kabla hujatoka dukani, vifuko vidogo vidogo, vizito kama maji na sabuni ya unga vipandishwe na jirani yeyote mwenye roho, mwombe mara moja tu kwa wiki, vyepesi ni vya mtoto na vingine vinaweza kulala chini kwenye kitoroli mpaka kesho yake. Sasa ukishakubali kwamba hakipandi, hizo tairi sita unazilipia za nini? Muombe muuzaji akubadilishie kabla hujamalizia pesa, chukua cha tairi nne, za nyuma kubwa.

Mzigo_Mwepesi
Nimempigia. Amesema anaweza kubadilisha maana hajakituma. Anacho cha tairi nne, za nyuma ni sentimita 20, za mbele ndogo zinazunguka, breki ya mguu. Daktari sijampata, nimeacha ujumbe, muhudumu kasema atanipigia asubuhi. Jirani wa ghorofa ya pili nimemgongea, sikumwambia ni nini, nimesema operesheni, akaniuliza siku gani nakwenda dukani.

Fundi nikifika pale kukichukua nakagua nini kabla sijamlipa iliyobaki?

Fundi_Grisi
Kipindue juu chini, zungusha kila tairi kwa kidole. Ikisimama haraka au ikikwaruza muulize, ikiyumba kushoto kulia kataa. Tazama mwisho wa ekseli pale tairi inapoishia, uone pini iliyopenya kwenye tundu na kukunjwa, kama ni kofia ya plastiki tu imebandikwa siku moja tairi itakuaga barabarani. Kikunjue, bonyeza juu kwa mikono miwili uone kama kibanio kinashika au kinaachia. Hapo mwambie muuzaji abonyeze yeye, we simama pembeni.

Mama_Wawili
Na vidole mbali na bawaba!