Gari linagoma kuwaka likiwa la moto: mafundi, acheni kutuuzia pampu za mafuta kwa kubahatisha!

Wakuu,

Imetosha. Malalamiko ni yaleyale kila siku: asubuhi gari linawaka bila shida, linatembea vizuri, mtu anasimama sheli au dukani robo saa, akirudi haliwaki. Likipoa linawaka. Analipeleka gereji likiwa limeshapoa, fundi anapiga selfu (mota ya kuwashia injini) mara moja, linaitika, kisha anatamka: "Hiyo pampu, bosi." Pampu inanunuliwa, tatizo liko palepale. Zinafuata plagi, zinafuata koili zote nne, inafuata betri, na mwisho mwenye gari anaambiwa kompyuta ya gari imekufa. Hakuna hata kimoja kilichopimwa!

Kupima gari la namna hii likiwa limepoa ni sawa na kumpima homa mtu aliyekwisha kupona. Ubovu huu upo wakati wa joto tu. Ukizima injini, pampu ya maji inasimama, maji hayazunguki tena, na upepo wa mwendo haupo. Joto la bloku na la egzosi linahamia kwenye vitu vya jirani: selfu, sensa, nyaya, reli ya nozeli. Ndiyo maana dakika 10 hadi 30 baada ya kuzima ni mbaya kuliko wakati gari liko barabarani. Fundi anayejiheshimu analipasha gari moto, analizima, anasubiri ligome, ndipo anashika mita ya umeme.

Swali la kwanza kabisa: selfu inazunguka au haizunguki? Wengi hawaulizi hata hili.

Kama haizunguki, au inagonga "tka" moja na kunyamaza, pampu ya mafuta haihusiki kabisa. Pima betri: ikitulia iwe na volti 12.6 hivi, na wakati wa kupiga selfu isishuke chini ya 9.6. Kisha weka mita kati ya kichwa chanya cha betri na boliti nene ya selfu, mwenzako akiwa ameshikilia ufunguo. Ukiona zaidi ya volti 0.5 zinapotea hapo, waya au kichwa cha betri ndicho kibovu. Pima pia kutoka kichwa hasi hadi bodi ya selfu, maana waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye kichwa hasi) ulioliwa na kutu unasumbua watu wengi. Umeme ukifika vizuri kwenye boliti nene na kwenye waya mwembamba unaoleta amri ya ufunguo, na selfu bado imelala, basi ni selfu yenyewe. Shaba ikipanda nyuzi 60 ukinzani wake unaongezeka karibu robo, kwa hiyo koili ya solenoidi (swichi ya sumaku iliyo juu ya selfu) inavuta kwa udhaifu, na vile vipande vya shaba vya ndani vikiwa vimelika havigusani tena. Kwenye selfu nyingi za kampuni ya Denso vipande hivyo vinabadilishwa peke yake pamoja na planja, yaani kile chuma kinachovutwa na kuvigusanisha. Kwa nini mtu auziwe selfu nzima?

Kama inazunguka vizuri ila haiwaki, chomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari na utazame mzunguko wa injini wakati selfu inapiga. Ikionyesha sifuri huku injini inazunguka, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka) au waya wake. Kodi P0335, yaani namba ya hitilafu ya sensa hiyo, inaweza kuwepo, inaweza isiwepo. Kutokuwepo kwake hakuisafishi sensa. Sensa ya waya mbili kwenye injini ya Toyota 1NZ-FE (IST, Vitz na ndugu zao) inapaswa kusoma om (kipimo cha ukinzani wa umeme) 985 hadi 1,600 ikiwa ya baridi, na 1,265 hadi 1,890 ikiwa ya moto. Ikiwa ya moto ikasoma om nyingi mno au waya umekatika, umempata mwizi. Ifunike kwa kitambaa chenye maji baridi. Gari likiwaka baada ya dakika chache, tatizo liko hapo. Maji yasimwagikie egzosi ya moto, inaweza kupasuka. Na sensa ya waya tatu usiipime kwa om, hiyo inapimwa umeme unaoingia na ishara inayotoka.

Sasa pampu, maana ndiyo inayoniudhi zaidi. Fundi anafungua swichi, anatega sikio kwenye tanki, hasikii kitu, anaihukumu. Toyota nyingi za enzi ya 1NZ-FE haziwashi pampu kwa kufungua swichi tu! Pampu inapata umeme selfu ikipiga, na inaendelea pale kompyuta inapoona injini inazunguka. Funga geji ya presha ya petroli: 1NZ-FE inataka kPa 304 hadi 343, na dakika 5 baada ya kuzima isiwe chini ya 147. Ikishuka haraka, ama nozeli inavuja au vali ya pampu haizuii petroli kurudi tankini. Hapo ndipo uongelee pampu.

Ukisikia harufu kali ya petroli na plagi zimelowa, angalia sensa ya joto la maji. Kwa nyuzi 20 inasoma takriban om 2,500, kwa 80 takriban 300. Ikidanganya kwamba injini ni ya baridi, kompyuta inamwaga petroli kupita kiasi. Kwa dharura kanyaga mafuta hadi mwisho huku ukipiga selfu. Magari mengi ya nozeli hukata petroli ukifanya hivyo. Na wale wanaong'oa thamostati (vali inayoongoza joto la maji ya injini) "ili gari lipoe" waache, wanaongeza ulaji wa mafuta na hawajatibu chochote.

Wenye Honda za miaka ya 90 zinazogoma zikianikwa juani: anzeni na rilei kuu (swichi ya umeme inayolisha kompyuta na pampu ya mafuta) chini ya dashibodi, lehemu yake hupasuka. Mara nyingi kuilehemu upya kunatosha.

Msilipe spea yoyote kabla fundi hajawaonyesha namba kwenye mita, gari likiwa limegoma. Mnaotaka msaada hapa, andikeni aina ya injini, selfu inazunguka au la, mzunguko uliosomwa na presha. "Linagoma tu" hakuna anayeweza kuijibu.