Naomba ushauri: choo kimejaa, shimo jipya linataka kuchimbwa karibu na kisima

Wakuu, tupo kaya saba kwenye nyumba moja ya kupanga. Choo cha shimo ni kimoja, na sasa kimejaa mpaka funza wanatambaa mlangoni. Gari la kunyonya majitaka halipiti uchochoroni. Mwenye nyumba ameamua lichimbwe shimo jipya uani, kama mita nane tu kutoka kisima tunachotumia wote.

Ninavyofahamu, inashauriwa umbali usiopungua mita 30, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Hapa ukichimba kidogo tu, maji haya hapa. Mvua ikinyesha wengine ndiyo wanatapishia vyoo mtaroni usiku, halafu asubuhi watoto wanachezea humo humo!

Maji ya kunywa nachemsha. Ya kuoshea vyombo je, nitie klorini?

Kuna aliyewahi kujenga choo cha kuinuliwa, chenye chemba iliyosakafiwa? Kinahimili watu wengi hivi? Au pampu ya mkono ya kuvuta tope inatosha? Na huyu mwenye nyumba nimwingieje bila kuambiwa nihame?