Binti yangu wa miaka 5 nusura aondoke na mtu asiyemjua. Nimfundishe vipi?

Mama Zawadi
Habari zenu wapendwa. Niko Mbagala, binti yangu anasoma chekechea. Juzi wakati wa kutoka, kijana wa bodaboda alimwambia, "Mama kanituma nikufuate." Mtoto akamwamkia shikamoo na begi akampa. Muuza maandazi wa pale getini ndiye aliyepiga kelele, kijana akatupa begi akawasha pikipiki. Tangu siku ile usingizi sina. Nimemkalisha nikamweleza, akaitikia "ndiyo mama", asubuhi namuuliza, kasahau yote. Na kusoma nako shida, akiona daftari analia. Nyie mnawafundishaje?

Mwalimu wa Awali
Pole sana dada. Huyo muuza maandazi mpelekee hata kanga.

Mtoto wa umri huo hashiki hotuba, anashika alichokicheza. Unaujua mchezo wa nyama nyama? Kiongozi anataja mnyama, analiwa, watoto wanaruka "nyama!", haliwi, wananyamaza. Mimi darasani nimeugeuza. Nikisema "Bibi kaja kunichukua!" wanaruka. Nikisema "Mtu simjui, kaja na pipi!" wanarudi nyuma hatua tatu, wanapaza sauti "Sitaki!" na kukimbilia kwangu. Mwanzoni wataruka kwenye pipi. Usimgombeze, rudia. Dakika kumi zinatosha, acha akiwa bado anautaka.

Daftari liweke kando kwanza. Okota vifuniko vya soda, andika silabi kwa makapeni, kila kifuniko na yake. Mtamkie "za", usimwambie herufi zinaitwaje. Anza na jina lake: za, wa, di. Kisha vuruga, apange mwenyewe. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo silabi chache tu zinampa maneno mengi.

Baba Wawili
Kwetu kuna neno la siri. Asiyelitaja hamchukui mtoto, awe nani. La zamani lilikuwa "kobe". Siku moja nilimtuma mdogo wangu nikasahau kumpa neno, mwanangu akamgomea baba yake mdogo mbele ya walimu. Mdogo wangu alinuna, mimi nilimnunulia mwanangu chungwa. Mwache Zawadi alipange neno lenu kwa hivyo vifuniko, halafu alivuruge asilione mtu.

Bi Mkubwa wa Tanga
Wanangu, tunaogopa wa bodaboda, lakini wengi wanaowadhuru watoto ni watu wanaoingia ndani mwetu. Unapomwogesha, mtajie mwili wake: bega, goti, na zile zinazofunikwa na chupi. Hizo hachezei mtu. Akiguswa aje aseme, hata akiambiwa ni siri, hata akiwa ni ndugu. Na shikamoo aitoe akiwa amesimama mbali. Kuamkia si kutii, hilo tulikosea sisi wa zamani.

Tena hilo la juzi karipoti Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, nayo ni bure kupiga.

Mama Zawadi
Asanteni, Mungu awalipe. Nimetoka kuripoti. Jana tumecheza na watoto wa jirani. Nikasema, "Jirani kaniletea chipsi!" Wenzake wakaruka, yeye akasimama akaniuliza, "Jirani yupi, mama?" Nilimkumbatia machozi yakanitoka. Vifuniko kaenda navyo kitandani. Kesho naonana na mwalimu mkuu kuhusu pale getini.