Mtoto asiyetimiza miaka saba ni wa mama moja kwa moja?

Baba Neema: Ndugu wachangiaji, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama ivunje ndoa pale tu inaporidhika kwamba imevunjika kiasi kisichoweza kurekebishika, kisha inadhania kuwa mtoto wa chini ya miaka saba atafaidika zaidi akikaa na mama yake. Je, dhana hiyo bado ina mantiki mjini, ambako wazazi wote wawili hutoka alfajiri na mtoto hushinda na dada wa kazi? Mama asiye na kipato hupewa mtoto, na baba hubaki kutuma pesa tu.

Mama wa Mbagala: Kaka yangu, umeanza na mtoto ukamalizia na mfuko wa mama. Huyo unayemwita hana kipato ndiye aliyepika, akafua na kukesha na wagonjwa wakati wewe unajenga, na Mahakama ya Rufani ililimaliza suala hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliposema kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Mzee wa Pangani: Dada, hukumu hiyo wengi wanainukuu nusu. Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa mahakama iliona alikuwa amepewa na mumewe fedha za mradi akazitapanya.

Mama wa Mbagala: Shikamoo mzee wangu, lakini aliyoyapata au kuyakosa yeye hayafuti kanuni iliyowekwa, na wanawake wangapi wamepata haki yao kwa kanuni hiyo hiyo tangu wakati ule?

Mwalimu wa Korogwe: Tumehama kwa mtoto tukaingia kwenye nyumba na viwanja. Baba Neema, nadhani ni kifungu cha 125, na kinachotangulia humo ni ustawi wa mtoto. Hiyo miaka saba ni dhana inayoweza kupinduliwa kwa ushahidi, tena palepale mahakama inaelekezwa izingatie madhara ya kumhamisha mtoto huku na kule, na mtoto mwenye umri wa kutoa maoni yake husikilizwa. Kuhusu pesa, sheria inamwajibisha baba kumtunza mtoto hata akiwa anaishi kwa mama, kwa hiyo kutuma matumizi si hisani wala si adhabu.

Baba Neema: Sikusema ni adhabu, mwalimu. Nasema kwamba kwenye baraza la usuluhishi la kata, ambako hatuna budi kupita kabla ya kwenda mahakamani, niliulizwa natuma kiasi gani, na hakuna aliyetaka kujua ni nani aliyekuwa akimwogesha mtoto na kumpeleka chekechea.

Mpemba Mkaazi: Huku kwetu Zanzibar sheria hiyo haitumiki, na Waislamu tunakwenda kwa Kadhi. Katika madhehebu ya Shafi mama ndiye mwenye haki ya kumlea mtoto mdogo, na mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, ambao mara nyingi hukadiriwa kuwa miaka saba, hupewa hiari ya kumchagua mmoja wa wazazi wake.

Mzee wa Pangani: Na huyo mtoto wa miaka saba atamchagua aliyemnunulia baiskeli.

Mwalimu wa Korogwe: Ndiyo sababu huku Bara mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi wa jamii afike nyumba zote mbili na kuandika taarifa. Baba Neema, ukifungua shauri omba taarifa hiyo, umwite na mwalimu wa chekechea awe shahidi, maana yeye anamjua aliyekuwa akimleta mtoto kila asubuhi.

Mama wa Mbagala: Hilo la mwalimu nakubaliana nalo. Ila mzee wangu hajanijibu: fedha alizotapanya Bi Hawa zilihesabiwa, na miaka aliyopika ilihesabiwa shilingi ngapi?